Keja Iko, Apu Inasema Haiko: Vile Firestore Huficha Nyumba za Watu Migori na Homa Bay

Chukua hii picha. Kuna mathe ana ploti Makongeni, Homa Bay mjini. Bedsita nne, maji yako, stima kila mtu na tokeni zake, thao tatu na soo tano kwa mwezi. Ameweka hizo keja kwa apu ya kijana wa mtaa, picha zikaingia fiti kabisa. Upande mwingine kuna komredi wa Tom Mboya University, shule inafungua wiki ijayo, ana thao nne mfukoni na hajui atalala wapi. Anafungua hiyo apu. Anachuja: Homa Bay mjini, isizidi thao nne, zenye nyota nyingi zikae juu. Apu inamletea keja mbili, na zote zilishachukuliwa. Za mathe hazimo. Hakuna erra, hakuna kitu chekundu kwa skrini, hakuna chochote.

Komredi anaishia kumlipa ajenti pesa ya kuonyeshwa nyumba. Mathe anakaa na vyumba tupu mpaka anaamua mambo ya apu ni stori za jaba. Na developa analala usingizi mnono, juu amefungua databesi yake na hizo keja nne ameziona na macho.

Hiyo picha ni ya mfano tu, lakini hakuna hatua hata moja hapo ambayo haiwezekani. Keja iko kwa databesi. Ni swali lililoulizwa ndilo limeiruka. Na kama wewe unaunda apu ya keja, ya boda, ya omena, ya kuuza viatu, au unapanga kumlipa mtu akuundie, hii ngori ni yako. Kama hujawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, tulia, hutapotea.

Kwanza, Firestore ni nini

Firestore ni databesi ya Google inayokaa kwa mawingu. Hukodi seva, huajiri mtu wa kuilinda usiku. Unaandika apu yako ukiwa Awendo kwa laptopu iliyochoka, na data inakaa kwa mitambo ya Google. Jamaa wawili, James Tamplin na Andrew Lee, ndio walianzisha Firebase 2011. Google ikainunua 2014, na Firestore ikatoka kwa majaribio Oktoba 2017, halafu rasmi Januari 2019.

Kitu inapendewa ni bei ya kuanza: sufuri. Kila siku unapewa bure kusoma dokumenti 50,000 na kuandika 20,000. Kwa msee anayejaribu kuomoka na wazo moja na bando la soo, hiyo ni zawadi.

Dokumenti ni nini sasa? Fikiria kadi. Kila keja ina kadi yake: mji, kodi, aina, nyota, tarehe iliyowekwa. Hivyo vitu kwa kadi tuviite vipengele. Hakuna mtu anakulazimisha kadi zote zifanane. Moja inaweza kuwa na nyota, nyingine isiwe nayo. Moja inaweza kuandika kodi kama namba, nyingine kama maandishi. Huo uhuru ni mtamu sana siku ya kwanza. Shika hapo, tutaurudia.

Daftari la M-Pesa

Unakumbuka lile daftari la ajenti wa M-Pesa? Limepangwa kwa tarehe, mstari kwa mstari. Muulize, "Jana saa nane nani alitoa pesa?" Anafungua ukurasa mmoja, kidole kinashuka, jibu hilo hapo. Sasa muulize, "Nipangie watu wote waliotoa zaidi ya thao tano mwaka huu, kwa herufi za majina." Atakuangalia. Anaweza, lakini lazima apekue daftari zima, kurasa zote, na foleni inakungoja.

Databesi nyingi zitakubali kupekua. Zitajikokota, lakini zitaleta jibu. Firestore ya kawaida imekataa kabisa. Sheria yake ni moja: kila swali lazima lijibiwe kutoka kwa indeksi, yaani orodha iliyopangwa kabla hujauliza, kama ile faharasa ya nyuma ya kitabu. Hakuna indeksi, hakuna jibu. Faida yake ni kwamba mwendo wa swali unategemea idadi ya majibu unayotaka. Ukitaka keja 20, kuzitoa kati ya 500 au kati ya milioni tano ni karibu muda ule ule. Kwa hivyo hizi shida zote tunazoongea si uzembe wa watu wa Google. Ni bei ya ile spidi.

Indeksi za kipengele kimoja kimoja inakutengenezea yenyewe. Kodi peke yake, nyota peke yake, tarehe peke yake, hizo ziko tayari. Ukiuliza kwa usawa mtupu, mji ni Rongo na aina ni bedsita, inajua kuziunganisha hizo ndogo ndogo bila kukusumbua. Mchezo unabadilika ukitaka mji ni Rongo halafu zipangwe kwa kodi. Hapo inataka indeksi ya pamoja, mji na kodi, na hiyo unaitengeneza mwenyewe. Usipokuwa nayo inakupigia kelele na kukupa linki ya kubonyeza ili itengenezwe. Hiyo kelele ni rafiki yako. Natamani shida zote za Firestore zingekuwa na kelele hivyo.

Ule ukuta wa zamani

Kwa miaka mingi kulikuwa na sheria moja iliyokuwa inatoa watu machozi. Ukichuja kwa kiwango, yaani "isizidi" au "zaidi ya", ilikuwa kwa kipengele kimoja tu. Na ukitaka kupanga, lazima uanze kupanga kwa kipengele hicho hicho.

Weka hiyo kwa keja. Unataka zisizozidi thao nne, mpya zaidi ziwe juu. Haiwezekani. Umechuja kwa kodi, basi unapanga kwa kodi kwanza, tarehe ifuate nyuma. Unataka kodi chini ya thao nne na umbali chini ya kilomita mbili kutoka geti la Rongo University? Viwango viwili, imekataa. Ukiwaza daftari utaelewa: orodha moja haiwezi kupangwa kwa kodi na kwa tarehe kwa wakati mmoja halafu ukakata kipande kimoja kilichonyooka.

Huo ukuta ulibomolewa 2024. Siku hizi unaweza kuweka viwango kwenye vipengele kadhaa, mpaka 10 kwa swali moja, na kupanga kwa kingine. Lakini cheki vitu viwili. Cha kwanza, video nyingi za kufundisha zilirekodiwa kabla ya hapo, na utasikia mtu akikuapia kwamba haiwezekani. Cha pili, ukiwa na maktaba ya Firebase ya zamani kwa mradi wako, itakukatalia hapo hapo kwa simu kabla swali halijafika Google, juu hiyo sheria iliandikwa ndani ya maktaba yenyewe. Kabla ya kutukana mtu, sasisha maktaba.

Na kubomolewa haimaanishi ni bure. Indeksi bado inasomwa kwa mstari. Ukianza na kipengele kinachopitisha karibu kila kadi, itasoma mistari mingi ya kutupa kabla ya kupata yako. Panga indeksi ikianza na vile vya usawa, kama mji, halafu kiwango kinachokata kadi nyingi zaidi. Kama karibu keja zote ni chini ya thao nne, kodi haikati kitu. Umbali utakata.

Kimya ndicho kinaua

Sasa twende pale kwa mathe wa Makongeni, juu hapo ndipo kuna maumivu.

Ukimwambia Firestore orderBy nyota, wewe kwa akili yako umesema "zipange". Yeye amesikia "nisomee indeksi ya nyota kutoka juu". Na kadi isiyo na kipengele cha nyota haimo kwenye hiyo indeksi. Haiwekwi mwisho. Haiwekwi popote. Kupanga kumegeuka kuwa kuchuja, na hakuna aliyekuambia.

Keja za mathe ni mpya. Hakuna aliyewahi kuzipa nyota, kwa hivyo developa hakuandika hicho kipengele, alingoja nyota ya kwanza ije. Haiji. Asiyeonekana hapati nyota, na asiye na nyota haonekani. Waliotangulia wanazidi kukaa juu, wageni wanazidi kukaa gizani, na kila mtu anadhani soko ndilo limeamua.

Ni hivyo hivyo na "si sawa na". Ukiuliza keja ambazo hali yake si "imechukuliwa", zile ambazo hazina kipengele cha hali kabisa haziji. Wewe ulidhani kukosa hali maana yake iko wazi. Firestore haidhanii kitu.

Dawa yake haina ujuzi mkubwa. Siku kadi inazaliwa, iandikie kila kipengele utakachowahi kupangia: nyota sufuri, idadi ya waliopiga nyota sufuri, hali "wazi". Na siku utakapoongeza kipengele kipya, tuseme dipoziti, kumbuka keja zote za zamani hazina. Ukiweka kitufe cha kupanga kwa dipoziti jioni hiyo bila kurudi kuzijaza, umefuta mji mzima kwa skrini. Andika programu ndogo ipite kadi zote ijaze, ndio uachilie kitufe.

Ndugu wa hiyo shida ni aina ya data. Kodi ukiiandika kama namba, 3500, ni kitu kimoja. Ukiiandika kama maandishi, "3500", ni kitu kingine kabisa kwa Firestore. Swali la "isizidi 4000" kwa namba halishiki kodi ya maandishi hata moja. Na zote zikiwa maandishi, zinapangwa herufi kwa herufi, kwa hivyo "12000" inakaa kabla ya "3500" juu moja iko mbele ya tatu. Inatokea kirahisi: fomu ya simu inarudisha maandishi, developa hakugeuza. Mtu mwingine anaandika "3,500 kwa mwezi" na hiyo imepotea mazima.

Halafu majina. Herufi kubwa na ndogo hazifanani, na kubwa zote zinatangulia ndogo zote. "awendo" yenye a ndogo itakaa nyuma ya "Rongo". Na sisi wenyewe huku hatujasaidia: kuna wanaoandika Homa Bay, kuna Homabay, kuna HOMA BAY, kuna homabay town. Kwa macho yako ni mji mmoja kando ya ziwa. Kwa databesi ni miji minne isiyojuana. Usimwachie mtu nafasi ya kuandika mji. Mpe orodha achague, na nyuma ya pazia hifadhi alama moja, kwa mfano namba ya kaunti, 43 kwa Homa Bay na 44 kwa Migori, halafu na alama ya mji.

Na usitarajie kutafuta neno katikati ya sentensi. Komredi akiandika "Shauri Yako" na kadi imesema "Bedsita safi Shauri Yako", Firestore ya kawaida inaweza kukusaidia tu na mwanzo wa maandishi, yanayoanza na "Bedsita". Katikati hapana. Mtaa uwe kipengele chake peke yake.

Wadi 80 haziingii

Hii nitaipita haraka lakini usiiruke. Kuna swali linaitwa in, la kusema "mji uwe mmoja kati ya hizi". Lilikuwa na kikomo cha vitu 10. Homa Bay ina maeneo bunge 8, Migori ina 8, jumla 16, kwa hivyo enzi hizo huwezi hata kuuliza maeneo bunge ya kaunti hizi mbili kwa mara moja. 2023 kikomo kikapanda hadi 30. Sasa 16 zinaingia. Lakini shuka kwa wadi: 40 na 40, ni 80. Imekataa tena.

Na hiyo 30 ni ujanja, kwa sababu inazidishwa. Ukichagua mitaa 8 kwa swali moja na aina 4 za keja, Firestore inahesabu 8 mara 4, ni 32. Imepita. Mitaa 7 na aina 4, 28, inapita salama. Mtumiaji anabonyeza kisanduku kimoja zaidi kwa skrini na apu inaanguka, na wewe ulijaribu na visanduku vitatu tu. Ile ya kinyume, not-in, inabaki na 10, na haikubali kukaa swali moja na in.

Kwa wadi 80, jibu si kuzikata vipande vipande. Weka kipengele cha kaunti kwa kila kadi na uulize kaunti. Hapo ndio unaona tofauti ya hii databesi na zile za zamani: unaamua swali kwanza, halafu kadi inaandikwa ili ilijibu. Ukirudia habari mara mbili tatu kwa kadi moja si dhambi.

Mfano mwingine wa hiyo akili ni huduma. Watu huandika orodha moja: maji, waifai, paking, geti. Swali la kuangalia ndani ya orodha, array-contains, unaruhusiwa moja tu. Komredi anataka maji na waifai pamoja, basi umekwama. Badala ya orodha, andika huduma.maji ni kweli, huduma.waifai ni kweli, kila moja kipengele chake. Sasa ni usawa mtupu, na tulishasema usawa zinaungana zenyewe. Hii peke yake imewaokolea watu wikendi nzima.

"Si nitachukua zote nichuje kwa simu?"

Najua umeiwaza. Kila mtu huiwaza. Shusha keja zote, halafu chuja na upange ndani ya simu ya mtumiaji, hakuna sheria huko.

Piga hesabu. Apu yako ina keja 2,000 kutoka Mbita hadi Isebania. Mtu mmoja akifungua, umesoma dokumenti 2,000. Watu 25 wakifungua, ni 50,000. Yule wa 26 anakuta skrini tupu, kwa sababu umemaliza za bure za siku. Na hiyo siku haihesabiwi kwa saa za Migori. Inageuka usiku wa manane wa Pasifiki, huko Marekani, ambayo kwetu ni saa nne au saa tano asubuhi kulingana na vile wao wamesogeza saa zao. Ukimaliza saa moja jioni, umelala hadi kesho yake watu wakiwa wanakunywa chai ya saa nne. Wiki ya kufungua shule, hiyo ndiyo biashara yako yote.

Ukiwa kwa mpango wa kulipa haitakatika, bili ndiyo itakuja. Na mtumiaji pia analipa, juu umemshushia keja za Sindo na Kehancha kwa bando lake wakati alitaka za Oruba tu.

Chukua 20 kwa mara moja, halafu endelea kutoka ile ya mwisho uliyoonyesha kwa kutumia startAfter. Usitumie ile ya "ruka 200 za kwanza", kwa sababu hizo 200 ulizoruka unalipia kama umezisoma.

Kuchuja kwa simu si mbaya kila wakati lakini. Ukishabana kwa seva zikabaki keja 40 za mtaa mmoja, kumalizia kwa simu ni akili. Shida ni kuanzia huko.

Karibu na mimi, lakini karibu kivipi?

Kitufe cha "karibu na mimi" kila mtu anakitaka. Kabla ya 2024 kilikuwa kigumu kweli, kwa sababu mahali ni namba mbili, latitudo na longitudo, na viwango viwili vilikuwa haramu. Watu wakatumia geohashi, njia ya kugeuza sehemu ya ardhi kuwa maandishi mafupi. Maeneo yaliyo karibu mara nyingi yanaanza na herufi zile zile, kwa hivyo unauliza kwa mwanzo wa maandishi na unakaa kwa kipengele kimoja. Bado inatumika sana.

Homa Bay mjini na Migori mjini zote zinaanza na kzb. Tamu. Herufi ya nne ndiyo inazitenganisha, na hapo kuna mtego. Ule mstari wa kutenganisha unapita karibu digrii 0.7 kusini mwa ikweta, kati ya Homa Bay mjini na Rongo. Keja mbili zikiwa pande mbili za huo mstari, hata kama zinachungulia jikoni kwa kila moja, herufi ya nne hazifanani. Ukiuliza kwa herufi nne, unapata moja na nyingine inapotea kimya kimya.

Panda juu zaidi inakuwa kichekesho. Ukienda Maseno, pale barabara ya Kisumu kwenda Busia inavuka ikweta, kusini mwa mstari unaanza na kzb na hatua chache kaskazini unaanza na sb0. Hata herufi ya kwanza hazigusani. Kwa geohashi, mtu wa Maseno upande wa juu na jirani yake wa upande wa chini wako dunia mbili. Ukipanua apu yako kutoka Homa Bay kwenda Luanda, hii itakungoja njiani.

Njia sahihi ni kuuliza visanduku jirani pia, kila kimoja swali lake, kuunganisha majibu, halafu kupima umbali wa kweli ndani ya simu na kutupa vya ziada. Firebase wana maktaba ndogo, geofire-common, inayokupa mipaka ya kuuliza. Usijitengenezee yako kama huna haja.

Kuhama je?

Kuna wale watakwambia hama. Wasikilize, lakini usikimbie. DynamoDB ya Amazon nayo ina tabia zake: kichujio chake kinafanya kazi baada ya kusoma, kwa hivyo unalipia hata kadi zilizotupwa. MongoDB itakubali kupekua daftari zima bila indeksi, na utajua siku data imekua na apu imeanza kukohoa. PostgreSQL, ambayo ndiyo iko ndani ya Supabase, itakuruhusu kuchanganya vichujio unavyotaka na kuamua pa kuweka zile zisizo na nyota, mwanzo au mwisho. Mimi maoni yangu ni kwamba kama apu yako ni kutafuta, vichujio kumi na kupanga kwa njia sita, anza na PostgreSQL na ujiokolee machozi. Kama ni gumzo, oda za chakula au mahali boda amefika sasa hivi, vitu vinavyobadilika mbele ya macho na maswali ni machache yanayojulikana, Firestore inakaa vizuri sana.

Kabla hujaachilia

Kitu kimoja kinawanasa hata waliokomaa. Firestore ina toleo la kujaribia kwa laptopu yako mwenyewe, bila intaneti. Ni poa, inakuokolea bando. Lakini hilo toleo haliangalii indeksi za pamoja. Swali lolote halali linajibiwa. Unamaliza kazi, kila kitu kinatembea, unaachilia apu Ijumaa jioni, na swali lile lile linagonga ukuta huko nje kwa sababu indeksi haiko, na kuitengeneza kunachukua muda wake. Jaribu kwa mradi halisi kabla ya kuwaita watu.

Na ukishaachilia, jihesabu. Tangu 2022 Firestore ina count, inayohesabu bila kukushushia kadi zenyewe, na inakulipisha kama umesoma dokumenti moja kwa kila mistari 1,000 ya indeksi, kwa hivyo ni karibu bure. Hesabu keja zote za kaunti 43. Halafu hesabu tena swali lile lile likiwa na orderBy nyota. Kisha na orderBy kodi, kisha tarehe. Namba zikilingana, uko sawa. Ya kwanza ikiwa 412 na ya pili 298, kuna keja 114 ambazo wenyewe wanangoja simu ambayo haitapigwa. Toa orodha ya hizo 114, jaza kipengele kinachokosekana, uhesabu tena. Halafu fanya hivyo hivyo kwa 44.